Masale ya Bibi na Kona ya Barabara

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuwa akipaka rangi geti letu hapa Kijenge. Nimekaa kibarazani nachagua mchele, upepo ukaniletea ile harufu ya rangi ya mafuta, kali, ya kukwaruza koo, na mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila hiyo rangi yako ni nyekundu, siyo? Alicheka sana, kwa sababu ilikuwa ya kijani na macho yangu siku hizi hayaaminiki. Lakini kwangu harufu ile ni nyekundu, na itabaki nyekundu mpaka nizikwe. Ngoja nikwambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Sina hakika, na walioweza kunihakikishia wamekwisha kutangulia. Wazazi wangu walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Usa, mimi nikaachwa na Bibi, mama yake baba, mlimani juu ya Kikatiti. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba, kahawa chini ya migomba, na nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la Babu. Bibi alilifagia kila Jumamosi kama alivyofagia ndani. Nilijua Babu yumo humo, lakini kwa akili yangu ya wakati ule nilimhesabu kama mtu wa nyumbani anayependa kulala.

Asubuhi moja nikienda mferejini na kibuyu changu, nilikuta kigingi kimechomekwa kando ya njia, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu bado mbichi. Nikakigusa, nikanusa kidole, nikanusa tena. Sikuwahi kunusa kitu kama kile. Maji nikayasahau, nikafuata kigingi cha pili na cha tatu. Bibi aliponiona narudi na kibuyu kitupu na pua nyekundu, hakuniuliza habari za maji. Aliniuliza, "Vinaelekea wapi?"

Nikamwambia vinaelekea kwetu.

Jumapili ile baada ya ibada hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka uwanjani pa kanisa. Serikali ilitaka kukata barabara ya magari kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi mpaka kwetu juu. Kuna waliofurahi, maana kahawa yetu ilishuka Kikatiti vichwani mwa wanawake, na shingo za mama zetu zilikuwa shahidi. Wengine walisema mfereji utakatwa, migomba itakunywa nini. Mama mmoja alisema mabinti watapanda lori na wasionekane tena. Na wazee walisema kwa sauti ya chini lile lililowakaa rohoni kuliko yote: gari la mzungu likifika leo, kesho linarudi na kiti chake na mbwa wake, keshokutwa unaambiwa uhame. Hawakuwa wakibuni. Karibu kila nyumba ilikuwa na ndugu aliyekwisha kuambiwa hivyo.

Mzee Anaeli, jirani yetu wa upande wa bondeni, alikuwa amekaa kwenye jiwe akijaza kiko chake. Huyu alikuwa mdogo wake Babu, tumbo moja, na Bibi alimwita shemeji. Walipomuuliza anaonaje, alisema, "Kwanza tuone inapita wapi." Basi. Mzee yule maneno yake ungeweza kuyabeba yote kwenye kiganja.

Mimi barabara yenyewe sikuijali. Nilikuwa nimeingiwa na ugonjwa wa kile chombo cha kupimia walichokuja nacho wapimaji. Kilisimama juu ya miguu mitatu, na Bwana Mpimaji, mzungu mrefu mwenye magoti ya rangi ya nyanya, alikuwa akikifumbia jicho moja kutwa nzima. Pamoja naye alikuwepo karani kijana aliyetoka Tanga, Kiswahili chake kitamu mpaka watoto tulikuwa tunamchokoza ili tu atugombeze. Siku tatu nilisimama pale nikiwa nimebeba majani ya ng'ombe, niwe kama ninayepita. Siku ya nne karani akachoka na mimi.

"Haya, njoo utazame, we mtoto, uniondokee," akasema.

Nikaweka jicho. Nakwambia kweli, nusura nikimbie. Nyumba yetu ilikuwa imening'inia juu chini. Migomba ilining'inia, kuku walitembea darini mwa dunia, na Bibi wangu alikuwa akianua kahawa kichwa kikiwa chini na kanga yake imetulia kiunoni kama kawaida. Katikati ya yote palikuwa na nyuzi mbili nyembamba zilizopishana kama msalaba. Siku hizi najua vioo vya namna ile viligeuza picha, ni jambo la shuleni tu. Siku ile nilijua nimeona siri ya serikali.

Nilieneza habari ile kijiji kizima kabla jua halijapinda. Jioni yake wanawake wote walipita mbele ya chombo wameshika kanga zao kwa mikono miwili. Nilijiona mtu mkubwa. Lakini Bibi nilipomsimulia, hakucheka wala hakushika kanga. Alinikalisha chini, akanipa bakuli la loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, akaniuliza taratibu, "Hizo nyuzi zilipopishana, palikuwa na nini?"

"Masale ya Babu," nikasema huku nakula. "Yalikuwa katikati kabisa."

Kama si mtu wa kwetu, isale ni mmea wa majani marefu, haufi hata ukichomeka kijiti tu. Kaburi huoteshewa masale. Mpaka wa shamba na shamba huwekwa kwa masale. Lililopandwa na mwenye haki yake haling'olewi na mtu mwingine, hata awe amekasirika namna gani. Hilo tulilijua kabla ya kujua kusoma.

Kesho yake Bibi aliamka na panga. Alikata vijiti vya masale, na penye kila kigingi kilichokuwa shambani mwetu akachomeka isale ubavuni mwake. Mimi nilimshikia vijiti. Karani wa Tanga alipopita akasimama kutazama, akafurahi. Kwao hawana masale. Alisema bibi huyu ana adabu ya serikali, ametupambia mstari wetu. Bibi akamjibu, "Ahsante, mwanangu," na Kiswahili chake kikaishia hapo.

Wiki mbili baadaye wakaja vibarua na majembe na sururu. Walikuwa watu wa kwetu, kutoka vijiji vya jirani. Walichimba vizuri, wanaimba, mpaka kwenye isale la kwanza. Wimbo ukakatika. Mmoja akaweka sururu chini, mwenzake naye akaweka. Nyapara akaja anafoka, akaona kilichopo, akaacha kufoka. Naye alikuwa Mmeru kama sisi. Alikumbuka ghafla kwamba mguu unamuuma, akaketi. Bibi alikuwa mlangoni akipepeta maharage. "Sijamzuia mtu," akasema. "Atakayeng'oa, ang'oe."

Kazi ililala siku tatu. Ya nne akaja Bwana Mpimaji mwenyewe. Nilitegemea atapiga kelele. Alizunguka kaburi, akatazama masale, akamtazama Bibi, Bibi naye akamtazama. Sijui aliona nini. Akamwambia karani asimamishe chombo upande mwingine, na jioni vigingi vyekundu vilikuwa vimehama. Barabara itapinda. Itashuka kidogo bondeni, itazunguka migomba yetu, kisha itarudi kwenye mstari wake.

Kanisani Jumapili watu walimshika Bibi mkono. Mimi nilitembea nyuma yake kifua mbele, maana bila jicho langu angejuaje? Nilidhani tutarudi nyumbani tule nyama.

Hatukula nyama. Bibi alivua nguo zake za kanisani, akaenda kaburini, akakata isale moja changa. Akaliosha. Akafunga ncha ya jani fundo, akaniambia nimfuate. Tukateremka kwa Mzee Anaeli.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Alikuwa amesimama kwenye kahawa yake. Ilikuwa kahawa nzuri, aliyoipanda mwaka aliooa, na vigingi vyekundu vilipita katikati yake kama vilivyokuwa vimepita katikati ya yetu. Mistari minne yote ingeng'olewa. Bibi akapiga goti. Sikuwahi kumwona akipiga goti nje ya kanisa. Akanyoosha isale kwa mikono miwili, kama kwetu mtu anavyoomba radhi.

"Shemeji," akasema.

Mzee Anaeli alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akalipokea, akamwinua kwa kiwiko. "Kaka yangu amelala vizuri?" akauliza.

"Amelala," Bibi akajibu.

Tukarudi. Njiani nilimuuliza Bibi kwa nini anaomba radhi wakati ameshinda. Akaniambia nifunge mdomo, nitajikwaa. Nilikasirika. Nilikuwa pia na swali lingine, ambalo nililiona la akili sana: kwa nini Mzee Anaeli naye asipande masale yake kwenye vigingi, wapimaji wahame tena? Nalo hakunijibu.

Nimeishi na swali hilo miaka mingi. Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipolijibu mwenyewe, siku moja nikiwa nimekaa tu natazama mvua. Angepanda, kigingi kingehamia wapi? Juu kulikuwa na korongo. Kusingebaki njia isipokuwa kurudi kwetu, juu ya kaburi. Isitoshe, angekuwa amemwekea mpaka mjane wa kaka yake. Mzee yule aliyajua hayo tangu siku ile pale uwanjani, alipotaka kwanza tuone inapita wapi. Akaacha wapite kwake. Na Bibi alijua kwamba anajua. Ni mimi peke yangu, mwenye jicho kali kijiji kizima, niliyetazama kaburi la Babu hadi nyuzi zikapishana juu yake, na sikugeuza shingo kuona kahawa ya mtu iliyokuwa pembeni.

Nikienda kwetu siku hizi, mjukuu wangu hupunguza mwendo pale kwenye kona na kulalamika. Eti nani alipima barabara hii, alikuwa amelewa? Mimi humwambia asimame. Upande wa bondeni, kando ya lami, lipo isale moja kubwa, kundi zima sasa, lililotokana na kile kijiti cha Bibi. Mzee Anaeli hakulipanda kwenye mpaka wake wala nyumbani kwake. Alilipanda pale ilipokuwa kahawa yake ya mwaka wa ndoa, akalimwagilia mpaka likashika. Mimi hushuka garini, nikasimama hapo kidogo, nikasema shikamoo. Mjukuu wangu huuliza namwamkia nani, nami hadi leo sijapata namna ya kumjibu kwa kifupi.