Baba Nekesa Ameenda Kazini

Wekoye alipomwomba bosi wake wa Nairobi ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani Kitale, aliahidi kwamba angefanya kazi maradufu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwajibu kwa kompyuta wateja wa kampuni ya taa za sola, wale wanaolalamika kwamba taa haiwaki. Sababu ya kweli hakuisema. Kila alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, bintiye Nekesa alijificha nyuma ya mamake, Fridah, akilia kana kwamba ameona daktari wa sindano. Kuogopwa na mtoto wako wa kuzaa kunauma, na Wekoye kulimuuma kweli.

Ruhusa ilitoka, na sasa Nekesa alimparamia magotini, lakini kazi ilikuwa imelala doro. Bosi, Wacera, akapiga simu: malalamiko yaliyolundikana yasipojibiwa kufikia Ijumaa, Wekoye arudi ofisini Nairobi.

Wekoye hakukosa wa kulaumu. Mtaani kwao, kando ya barabara ya Saboti, mwanamume anayeshinda nyumbani mchana hana kazi, awe na kompyuta asiwe nayo. Na huu ulikuwa msimu wa kuanika mahindi.

"Baba Nekesa, si uko tu?" Mama Jerop, jirani, alimwita juu ya ua. "Niangalilie mahindi kidogo, kuku zitamaliza. Naenda kusaga."

Naye huyo, fimbo mkononi, mbele ya turubai la mahindi. Jioni alimlalamikia Fridah, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba majirani watamfukuzisha kazi.

Fridah ni mwalimu, hapotezi maneno. "Hapa mtu akienda kazi ni lazima aonekane akienda," akasema. "Kesho vaa viatu, toka."

Alhamisi asubuhi Wekoye alivaa shati la pasi, akabeba mkoba, akamuaga Mama Jerop kwa sauti ya kusikika hadi mjini. Akashika njia, akapinda kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, akainama kama mwizi, akaingia stoo yake ya mahindi kwa mlango wa nyuma na kujifungia.

Ndani mlikuwa na magunia na kimya. Wekoye akafuta kioo cha kompyuta. Akalaza gunia moja liwe meza. Likawa fupi, akaongeza la pili. Akamsoma mteja wa kwanza, akamhurumia, akaandika "Mpendwa mteja." Kisha akasikia kuku.

Mbao za stoo zina nyufa. Akachungulia. Kwa kukosa mlinzi, Mama Jerop alikuwa ameketi mwenyewe kando ya turubai akichambua mboga, na jogoo mwekundu alikuwa akinyemelea mgongoni pake. Wekoye akarudi kwa mpendwa mteja. Akachungulia tena. Jogoo alishafika, anadonoa kwa raha, na mwenye mahindi haoni! Huo ulikuwa ulinzi gani? Akavumilia, akavumilia, uzalendo ukamshinda.

"Mama Jerop! Nyuma yako! Jogoo!"

Mama Jerop aliruka, mboga zikamwagika. "Woi! Ni nani huko? Baba Nekesa? Si umeenda kazi?"

Siku iliyobaki iliishia kwenye kueleza, kunywa chai, na kueleza tena.

Fridah aliporudi na Nekesa kutoka shuleni, alimkuta barazani, mpendwa mteja bado peke yake kwenye kioo.

"Leo ni nani amekutuma?"

Wekoye akatafuta jina. Mbaazi ikikosa maua husingizia jua, na yeye leo hakuwa hata na jua la kusingizia.

"Hakuna," akasema kwa aibu. "Ni mimi tu."

"Baba anaenda Nairobi?" Nekesa akauliza. Swali hilo lilimchoma kuliko simu ya Wacera.

Fridah akapangusa meza ya sebuleni, akaweka kompyuta upande mmoja na madaftari ya wanafunzi upande wa pili. "Basi mimi ndio nakutuma. Kaa hapo. Andika."

Akaandika. Akamjibu wa kwanza, akamjibu wa pili, akaendelea hadi akajishangaa, huku Nekesa ameketi juu ya viatu vya babake vya kazini. Mara sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Baba Nekesa, uko?"

Wekoye alishaanza kuinuka. Bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari, Fridah akajibu kwa sauti ya darasani:

"Hayuko! Ameenda kazi."

Wekoye akakaa polepole, akamfungua mteja aliyefuata.