Nyuzi Nisizozilegeza

Watu wakitaka kujua taarab asilia ipi ya kusikiliza, huniuliza mimi, nami sioni haya kujifanya mjuzi. Huwaambia watafute kanda za zamani, zile ambazo fidla haina haraka, wasikilize mpigaji anavyomngoja mwimbaji avute pumzi. Wasizidharau zenye mikwaruzo. Rekodi moja tu siitaji kamwe, na ndiyo hiyo hiyo wanayonitumia kwenye simu wakinisifu. Ni yangu.

Napiga kanuni, ile ala ya kulaza mapajani yenye nyuzi zaidi ya sabini. Ala nyingine hufuata sauti yake, kwa hiyo mwimbaji akitaka wimbo ushuke, mimi ndiye wa kuombwa kwanza. Kushusha ni kazi hasa: ufunguo mkononi, uzi mmoja baada ya mwingine, na sikio chini.

Siku ile tulikuwa tunarekodiwa baada ya Alasiri, ghorofani katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, na viti vilishajaa. Mwimbaji alikuwa bibi wa Mbweni, aliyenifundisha tangu sijui kitu kwamba maneno husikilizwa kabla uzi haujaguswa. Alinijia wenzangu wakiwa chini wanakunywa kahawa.

"Mwanangu, leo sauti yangu nzito. Nishushie kidogo."

"Naam, Bi."

Niliinama na ufunguo wangu. Nikalegeza nyuzi mbili tatu, nikazikaza tena pale pale, uso nimeukunja kama fundi. Ningependa kusema ni uvivu, maana uvivu una nafuu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiandalia taksimu, kile kipande mpigaji anachopiga peke yake kabla ya wimbo, na kanuni yangu hulia vizuri zaidi ikiwa juu. Niliitaka rekodi ile iwe yangu.

"Tayari, Bi," nikasema. Hakutaka hata kuijaribu. Aliniamini.

Taksimu ilikwenda kama nilivyotaka, watu wakaita "Allah!" nami nikazidi kujivuna. Kisha akaanza yeye. Ubeti wa kwanza aliumudu. Kwenye mstari wa kupanda sauti ikamkatika, akaitafuta, ikamkatika tena, mbele ya watu ambao wengine aliwaimbia kwenye harusi zao. Akashika koo, akatabasamu. "Uzee huu, nisameheni," akasema, akakaa. Mimi niliendelea kupiga, tena bila kukosea hata kidogo.

Tangu siku hiyo hajaimba tena. Waliorekodi waliuondoa wimbo wake, wakaiacha taksimu, na ndiyo inayozunguka kwenye simu za watu. Kila nikipokea sifa zake natamani ardhi inimeze, na bado sijapata kumwambia mtu yeyote aifute.

Ramadhani ilipokaribia, watu walipokuwa wakitakana radhi, nilikwenda kwake Mbweni. Njia nzima nilikuwa nikijisomea maneno yangu: sikushusha, Bi, nilikudanganya, kosa si la sauti yako. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, miwani puani, anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, nlikuwa nnakufikiria wewe."

Akausogeza ungo, akanishika mkono kabla sijakaa sawasawa.

"Mwezi unaingia, na mimi nna jambo na wewe. Siku ile ulihangaika na nyuzi zote zile ukanishushia, na mimi hata hapo nikashindwa. Nikakuharibia kazi yako mbele za watu. Silali vizuri nikikumbuka. Nnakutaka radhi, mwanangu."

Nilifungua mdomo. Maneno niliyokuja nayo yalikuwepo yote, hakuna hata moja lililopotea. Lakini alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, machozi yanamlenga, anangoja jibu langu.

"Nshakusamehe, Bi," nikamwambia, naye akanishukuru.