Kivuli cha Upande wa Magharibi

Kuna chumba kimoja Ruharo, mjini Mbarara, ambacho bado naingia humo nikifumba macho. Dari yake ni mafunjo, kuta zake ni udongo wa rangi ya asali, na alasiri mwanga unaingia umepoa, kama maji yaliyokaa mtungini. Makarani waliandika humo habari za maziwa yaliyotoka Bwizibwera, na sikumwona hata mmoja akijipepea. Mimi ndiye niliyekitengeneza. Saa zilezile, kule Nakivale, chumba alichoshonea mke wangu kilikuwa kinachemka.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka wa tisini na sita, tukitokea Kivu ya Kusini. Tulipewa kiwanja, shitingi ya plastiki ya kuezekea na nguzo. Mke wangu alikuwa mshonaji tangu usichana wake, na mambo yalipotulia kidogo nilimjengea chumba cha kazi ubavuni mwa nyumba. Wanawake wengine wa kanisa letu wakaleta cherehani zao humo. Walishona sare za shule na magauni ya vitenge, wakisengenya, wakiimba, na asubuhi nzima mashine zilikwenda pamoja kama mvua juu ya bati.

Dirisha lilikuwa moja, upande wa magharibi. Nilitandaza mafunjo chini ya mabati ili joto la juu lisishuke, na hilo lilisaidia mpaka mchana. Kisha jua liliinama, likaingia kwa dirisha, na chuma cha cherehani hakikushikika. Ukiziba dirisha kwa mkeka, tundu la sindano halionekani. Basi wanawake walifunika mashine zao mmoja mmoja, wakaenda zao, na kazi ya nusu siku ikabaki imekunjwa kwenye vikapu.

"Papa, panda miti pale inje," mke wangu aliniambia. "Hata mbili tu. Kivuli ikuje, mwangaza ibakie."

"Hii fasi, hii udongo, haiko yetu."

"Na jua haiko yetu, lakini iko natuunguza."

Wenzake walicheka sana. Mimi nilicheka pia, nikatoka.

Kwetu, mtu akikuazima shamba unapanda maharage, mihogo, viazi, vitu ambavyo utavuna na kuondoka. Hupandi mti wala mgomba, maana mti unakaa, na aliyepanda mti ameshasema shamba ni lake. Baba yangu alipanda mche wa parachichi kwenye shamba la kuazima. Mwenye shamba aliung'oa bila neno, akaulaza mlangoni kwetu kama mnyama aliyekufa. Nilikuwa mdogo, na aibu ya baba siku ile niliibeba mpaka Uganda. Lakini nisijifiche nyuma ya baba. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mke wangu: niliona kwamba nikipanda mti Nakivale nitakuwa nimekubali kuwa haturudi.

Mama mmoja wa Mbarara alinipata kupitia kanisa letu. Alikuwa mfanyabiashara wa maziwa, mtu wa sauti kubwa na bangili nyingi. Alikuja Nakivale kwenye harusi ya muumini mmoja, akakaa chini ya dari ya mafunjo niliyoitengeneza, akaanza kuangalia juu badala ya kuangalia maharusi.

"Hapa kuna baridi kama kwa friji," alisema baadaye. "Nani alifanya hii kazi?"

"Ni mimi, nyabo," nilijibu, kwa neno la heshima wanaloitwa wanawake kule.

"Basi utakuja kwa ofisi yangu. Watu yangu wanalala kwa meza. Mimi nataka wafanye kazi kama wako kando ya mto."

Nikaenda. Nilikuwa nimesoma sekondari, na kuchora ndilo somo pekee nililolipenda, kwa hiyo usiku ule tu nilikuwa na karatasi mbele yangu. Siku zile nazikumbuka kama ndoto ya mtu mwenye homa ndogo, homa ya kupendeza. Mafunjo niliyakata ukingoni mwa ziwa, nikayakausha kivulini ili ukijani usife, yakapanda lori kupitia mji mdogo wa Kaberebere yakiacha harufu ya maji barabara nzima. Kuta nilizipaka udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe; ulipokauka, harufu ya zizi iliondoka, ikabaki ya nyasi. Sikutaka mbao mpya. Nilikusanya milango mikuukuu, nikaifanya meza, na mahali pa vitasa nikaacha matundu yalivyo. Feni niliikataa, nikafungua matundu juu ya ukuta wa mashariki, upepo upite wenyewe. Kangaga na maua nilipanda ndani ya madebe mabovu ya maziwa. Nilisimama katikati ya chumba jioni, peke yangu, nikahisi nimesimama katika mafunjo ya ziwa, nimezama mpaka mabegani.

Yule mama mwenye ofisi alikuja kukagua. Alishika ukuta, akanusa, akatabasamu. Kisha akavuta kamba moja ya mgomba pembeni mwa dari, na kipande kizima cha mkeka kikamshukia begani.

"Sebo! Bwana, hii ofisi yangu inaenda wapi?"

Sikuelewa.

"Hakuna msumari hata moja. Kila kitu umefunga kama mzigo ya safari. Hata maua iko kwa debe!"

Nilitazama, nikaona kweli. Chumba kizima kingeweza kufunguliwa, kuviringishwa na kubebwa kichwani. Sikuwa nimekusudia. Mikono yangu ilikuwa imejenga hivyo yenyewe.

"Leta mti," alisema. "Hapa kwa dirisha. Hii jua ya jioni inaua makarani yangu."

"Mti hupandwa na mwenye ardhi, nyabo."

"Mwenye ardhi ni mimi, lakini kucha yangu iko na rangi. Chimba."

Nikachimba. Nilipanda miche miwili ya omusambya, ile miti ya maua ya njano, nikaimwagilia kila nilipokuja kukarabati mikeka. Ilikua haraka. Mvua zilikuja zikaenda, na siku moja niliona vivuli vya majani vikitembea juu ya meza za makarani, vidogovidogo, kama samaki.

Nyumbani sikuitaja miti ile.

Ndipo mke wangu alipoanza kuumwa kichwa na macho, nikamleta hospitali ya misheni iliyo palepale Ruharo. Tulipotoka jua lilikuwa kali, nikamwingiza ofisini apumzike. Makarani walimpa kiti karibu na dirisha. Alivua viatu. Aliegemeza kichwa kwenye ukuta wa udongo, akafumba macho, na kwa muda mrefu nilidhani amelala.

"Muti ile inje," aliuliza bila kufumbua macho, "nani aliipanda?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kumbe mikono yako inajua kupanda."

Njia yote ya kurudi alizungumza na abiria wengine kuhusu bei ya vitunguu.

Mvua iliyofuata nilipanda miti nje ya dirisha lake. Hakuna aliyekuja kuing'oa. Jirani mmoja aliomba tu mbegu. Lakini mvua hiyohiyo wanawake walikuwa wameshakubaliana: walipata baraza Kaberebere, inayotazama mashariki, yenye kivuli mchana kutwa. Walipakia cherehani kwenye pikapu huku wakiimba. Mke wangu alikwenda nao. Akawa analala kule juma zima, akirudi Jumamosi kwa ajili ya ibada.

Sikumzuia.

Nilibaki nikikitengeneza chumba. Nilipaka kuta udongo uleule wa asali, nikafungua matundu ya upepo, nikatengeneza meza ndefu ya kukatia vitambaa, imara, iliyochimbiwa miguu ardhini. Miti ikapita bati. Kufikia mwaka elfu mbili na kumi na tano, alasiri ya Nakivale iliingia humo imepoa kabisa, nyeupe na laini, na sindano ungeiona popote ilipoanguka. Sikuwahi kutengeneza chumba cha kazi kizuri kuliko kile, na hakikuwa na kazi ndani yake.

Jumamosi moja alisimama mlangoni na kikapu mkononi, akatazama kote kama mteja.

"Imekuwa muzuri," alisema.

"Waambie warudishe mashini."

"Wateja wetu wako kule sasa, Papa. Na wale wamama hawawezi kuhama tena. Sisi wote tumehama mingi."

Aliingia, akapitisha kiganja juu ya ile meza ndefu, kwenda na kurudi. Akaitikisa, haikutikisika. Kisha akatandika kitenge chake chini ya dirisha, akajinyoosha, na usingizi ukamchukua akiwa bado na kiatu kimoja mguuni. Vivuli vya majani vilipita juu ya uso wake. Nilikaa kizingitini, nikawa nawapungia mkono watu waliokuwa wanapita njiani wakiongea, wapunguze sauti.