Mke Wangu Alipoanza Kunishukuru

Mke wangu ni mgomvi, na nilimwoa nikijua. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, nusu ya kijiji chetu cha Genkuru ilisikia nilivyo mzembe. Ndivyo tulivyoishi, na tuliishi vizuri.

Kisha ikaja saratani ya titi, upasuaji kule Mwanza, na dawa zilizomnyonyoa nywele zote. Kidonda kilichelewa kupona, nikawa nakiosha na kukifunga mwenyewe. Nilisonga pia ugali, mimi mwanaume wa Kikurya niliyefukuzwa jikoni tangu utotoni. Ulijaa mabonge. Akaula kimya, akasema asante. Nikimpa uji, asante. Nikimbadilishia bandeji, asante. Iliniudhi kuliko matusi. Wageni ndio wanaoshukuru hivyo, na niliogopa kwamba mke wangu ameshaanza kuondoka.

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Hata kutazamana usoni ni aibu. Kwa hiyo mke akizidiwa, hupelekwa kwao akauguzwe na mama yake. Shangazi yangu alinishauri hivyo. Nikakataa, kwa sababu wengi wanaopelekwa hivyo hawarudi tena kwa waume zao.

Asubuhi moja nikamkuta mke wangu amefunga begi. Mama yake alikuwa amefika na gari kutoka Tarime mjini, anasubiri nje ya uzio.

"Nimekuchosha," akasema. "Niende kwa mama. Asante kwa yote."

Hasira ikanipanda. "Sikukuoa uje kunishukuru! Kama kuna neno, liseme. Umekuwa kama mpangaji humu ndani."

Akaweka begi chini.

"Haya. Ugali wako hauliwi hata na mbwa. Bandeji unaifunga kama unafunga ndama. Na tangu wanikate hujaniangalia usoni. Unaangalia kidonda, unamaliza, unatoka. Nikae na nani humu?"

Ilikuwa kweli. Nilidhani kutotazama ndiko kumsitiri.

Nikatoka hadi kwenye uzio. Nikasimama mbali, nimegeuza uso upande kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama. Tunaomba utusamehe kwa usumbufu. Binti yako anabaki."

"Marahaba," akajibu, naye amegeukia barabarani. "Amesema yeye, au umesema wewe?"

"Nasema mimi mwenyewe, nabaki!" mke wangu akapaza sauti kutoka ndani. "Mama, nenda salama, nitakupigia."

Gari likageuza. Nikarudi ndani, nikanawa mikono, nikafungua bandeji ya jana. Safari hii nilianza na uso wake. Ulikuwa umekonda, nyusi hazipo, macho ni yale yale makali. Nikaosha kidonda, na nilipofunga bandeji mpya nikakosea fundo.

"Vuta," akasema. "Siumii."

Alikuwa anaumia. Niliona, kwa kuwa nilikuwa namtazama, nikavuta taratibu.