Ernesta Chini ya Landrova

Ernesta hakuzaliwa milimani. Baba yake, Erasmo, alitoka Kigoma kuja kukata mkonge tambarare, na huko ndiko binti alikokulia, kati ya vumbi na ngurumo za matrekta. Alipoolewa na Asheri wa Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, mawifi walikicheka Chasu chake cha kuokoteza, yaani Kipare. Naye akacheka pamoja nao, tena kwa sauti iliyowashinda.

Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kurudi madukani, na nguo za mitumba kutandazwa sokoni Same. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na Asheri alikuwa na Landrova kuukuu iliyochoshwa na kazi za shambani, akishushia mjini ndizi na maharage ya majirani. Lakini vipuri vilikuwa bado adimu kama maziwa ya kuku. Siku difu iliposagika meno, gari lilibaki uani na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Difu ni lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Hupokea nguvu ya injini na kuigawa kulia na kushoto. Bila difu, injini hunguruma bure.

Mzee Erasmo alipata difu nzima kwenye gari lililokufa shambani, akaomba ruhusa, akaipandisha Mhezi kwa lori. Fundi Rodrick wa Same alikuwa na magari mengi yanayomsubiri, na harusi ya Doris, dada yake Asheri, ilikuwa Jumamosi. Bibi harusi alipaswa kushushwa kanisani Same. Basi Asheri, mkulima wa maharage, akaifunga difu mwenyewe.

"Imekaa!" akatangaza, mikono myeusi hadi viwikoni.

Akawasha, akaachia klachi. Kong! Akakanyaga mafuta. Kong! Akaachia mafuta. Kong!

Mama yake, Koleta, akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Asheri, umefunga difu au umefunga kengele ya kanisa?"

Asheri akazima injini. Uso ulimshuka. "Nimeharibu, Mama Priska," akamwambia mkewe. "Difu yenyewe mbovu. Doris ataenda kuolewa kwa miguu."

"Tusiilaumu bado," Ernesta akasema. "Kuna kitu kinacheza. Tukijue kwanza ni kipi, ndipo tufungue."

Hivyo ndivyo alivyowaona mafundi wa matrekta wakifanya tangu utotoni. Wakatega magurudumu yote kwa mawe, gia wakaiacha huru. Ernesta akavaa suruali ya mumewe, mawifi wakashangilia, naye akalala chali juu ya gunia na kujiburuta chini ya gari.

Alianza na propela, lile bomba refu linalotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye difu. Akashika kiungo chake cha mbele kwa mikono miwili, akakipinda huku na huku. Kimeshika. Cha nyuma nacho kimeshika. Kisha akashika shingo ya difu, pale propela inapofungwa, akaisukuma na kuivuta.

"Baba Priska! Njoo uone. Shingo inaingia na kutoka kama ya kobe!"

Asheri akajiburuta akalala kando yake. Alipopapasa, akaikuta nati kubwa inayoibana ile shingo. Ililegea kiasi cha kuzungushwa na vidole.

"Niliishikiza kwa vidole tu," akasema. "Nikasema nitaikaza kwa spana baadaye. Mama akaniita makande yameiva."

Ernesta akaangua kicheko, Asheri naye akashindwa kujizuia. Walicheka hadi Koleta akainama kuchungulia wamepatwa na nini.

Wakafungua propela. Asheri akaongezea mkono wa spana kwa kipande cha bomba la maji, akaivuta nati mpaka ikakaa, kisha wakaifunga kwa pini ambayo Mzee Erasmo alikuwa ameifungasha kwenye kitambaa pamoja na difu. Ernesta akaizungusha shingo kwa mkono kuhakikisha haikubanwa kupita kiasi. Ilizunguka laini. Haikuingia wala kutoka.

Walipowasha, kong zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo propela ilipozungushwa kwa mkono ilicheza kidogo, kidogo sana, na Asheri hakutaka kubahatisha na dada yake kwenye kona za mlimani. Ijumaa wakateremka polepole, gari tupu, hadi kwa Rodrick.

Fundi akasikiliza habari ya nati, akaingia chini, akatikisa, akatoka akipangusa mikono. "Meno ya gia lazima yaachiane nafasi. Yakibanana kabisa yataungua. Hapa pako sawa. Nani aliyeugundua ugonjwa?"

"Mke wangu," Asheri akajibu upesi, kifua mbele.

Jumamosi Doris alikaa mbele, shela imejaa hadi kwenye usukani, na wanawake nyuma wakapiga vigelegele kila kona mpaka Same. Walifika kabla ya mchungaji.

Baadaye Ernesta alijifunza kuendesha. Siku za soko alishuka na ndizi, akapanda na samaki wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, huku Asheri amekaa kushoto kwake, akiimba sauti ya nne ya kwaya, mkono mmoja umeushikilia mlango ambao kitasa chake hakikupata kutengemaa.