Nilivyoosha Gari la Ukweni

Nichekeni mapema, maana mwishoni hamtaweza.

Jumamosi nilikwenda Mbinga kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, Stella. Mzee alinitembeza kwenye ghala lake la zamani la kahawa, alimohifadhi magari ya mashindano ya tangu enzi za ujana wake. Yote yalikuwa yanang'aa, isipokuwa jeupe moja la pembeni lililogandwa na udongo mwekundu. Kabla sijauliza, mzee akaitwa nje kupokea mizigo ya kahawa.

Huku kwetu mchumba hakai ukweni kama mgeni, anajitafutia kazi. Nami kwa kujipendekeza sijambo. Nikavua shati, nikachota maji, nikalisugua gari lile huku napiga mluzi. Kwenye mlango wake palikuwa na alama ya kiganja kwenye tope lililokauka. Hapo ndipo nilipotumia nguvu zaidi.

Stella akaingia na chai. Kikombe kikamponyoka.

"Umefanya nini? Kaka Deo alishuka kwenye gari hilo akiwa mashindanoni, akaegemea mlango, akaanguka akafa. Kile kiganja kilikuwa chake!"

Nyuma yake alisimama mzee. Mimi, kifua wazi na kitambaa kinachuruzika tope, eti nikamwamkia upya.

"Shikamoo, baba."

Alinipita, akaupapasa mlango uliolowa, akiutafuta mkono wa mwanawe.

"Kila asubuhi nilikuwa naweka kiganja changu juu ya chake," akasema. "Sasa kesho nitaweka wapi?"