Utambi wa Hita

Majira ya baridi ya mwaka 2017 hita yangu ya mafuta ya taa ilianza kutoa moshi, nami nikaanza kumpoteza mwanangu. Wakati ule niliona mambo hayo mawili ni jambo moja.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Baba yake alipofariki nilikuwa nashona kiwandani huku ugenini, kusini mwa bara letu, kwa zamu za usiku, na wifi yangu anayekaa mtaa wa Alexandra akamchukua kwa muda. Kwetu Tanga mtoto kulelewa na shangazi yake si habari. Lakini muda ule ulizaa miaka, na mtoto akawa anakuja kwangu, mtaa wa Bertrams, Jumamosi tu, jioni anarudi. Mara ya mwisho nilimbembeleza alale. Akaketi kitandani na jaketi lake, zipu hadi kidevuni, akasema kwa Kiingereza kwamba kuna baridi. Kiswahili anakielewa, ila hunijibu kwa Kiingereza. Nikampigia shangazi yake aje amchukue.

Basi nikaapa: hita itengenezwe, mtoto alale.

Nilipoifungua nilikuta utambi umekwisha, kimebaki kipande cheusi kigumu kama ukoko. Nikajiambia, kwani mimi ni mgeni wa mafuta ya taa? Mama alipika miaka yote kwa jiko la mchina, na tambi zikiisha alichana kanga kuukuu, akasokota, siku ikaenda. Nami ni fundi cherehani, vitambaa ndiyo maisha yangu! Nikachana kanga, nikaikunja tabaka nne, nikaishona mduara kwa mshono ulionyooka kama wa suti ya harusi. Nikawasha. Lo! Ulipanda moshi uliotia weusi dari, kuta na pua yangu. Nikazima, nikakaa nje mlangoni natetemeka, nikicheka peke yangu. Kisha nikalia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwita aje acheke nami.

Kesho yake niliibeba hita hadi duka moja la vifaa vya nyumbani kule Kensington, mtaa wa jirani. Muuzaji alikuwa Mkongo wa makamo. Alichomoa kanga yangu kwa koleo, akaitazama maua yake.

"Mama, ulitia nguo ndani?"

"Nyumbani tunatia."

"Eish, ile ni jiko, hii ni hita. Hii iko na utambi yake, ya nyuzi za kioo. Nguo inaungua. Na ukishaitia, usiwashe palepale. Uache inywe mafuta kwanza."

Kuuliza si ujinga, wanasema, ila mimi huuliza nikishaunguza.

Nyumbani nilitoa kifuniko cha juu, nikafungua skrubu, nikauvika utambi mpya kwenye pete yake mpaka meno yakaukamata. Nikazungusha kifundo kujaribu kama unapanda na kushuka sawasawa. Nikajaza mafuta, nikaosha vyombo, nikafagia, nikasugua ukuta uliokataa kutakata. Nilipowasha, moto ulizunguka taratibu bila moshi. Nikaacha dirisha wazi kidogo, nikaketi mbele ya joto lile peke yangu, nikaona linapotea bure.

Jumamosi alikuja. Alisimama mlangoni akinusa, akasogea karibu na hita, na jaketi akalivua mwenyewe. Moyo wangu ulipiga vigelegele. Tukala wali na samaki wa nazi. Giza likaingia, na hakuulizia simu ya kumwita shangazi yake. Akalala ubavuni kwangu, miguu yake ina joto, nami nikabaki macho nikipanga ya mbele: wiki ijayo alale tena, na ile nyingine, mpaka siku moja nimtume dukani anune na kugoma kama mtoto wa mtu yeyote.

Asubuhi nilimkuta amekwisha vaa. Blanketi alikuwa amelikunja, ncha kwa ncha, akaliweka juu ya mto. Kikombe chake alikiosha. Shangazi yake alipopiga hodi, mtoto alikuja akasimama mbele yangu, mikono ameikutanisha, na kwa mara ya kwanza akanisemesha Kiswahili, Kiswahili safi cha kufundishwa.

"Asante kwa kunikaribisha, Mama."

Nami kwa mazoea, kabla sijauwahi mdomo wangu, nikamjibu mwanangu: "Karibu tena."